Nta ya Akiba

Busunzu, Kibondo
19 Januari 2025

Kwa shemeji yangu Ildefonsi,

Amahoro, amani iwe kwako. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, na karakana yako ya redio haijakosa wateja. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha, maharage yamechanua, na goti langu linalalamika kila asubuhi lakini nalipeleka shambani hivyo hivyo. Winnie anamsalimu baba yake mdogo.

Najua utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Shemeji, kwenye simu siku hizi wewe husikii. Krismasi nilikwambia mbuzi kafa, ukanijibu, "Bwana asifiwe." Nikaona heri kalamu.

Nimempa Abdalah, kondakta wa basi la Kasulu, gitaa la marehemu kaka yako. Nimelifunga kwa kitenge, na kitenge nakitaka. Shida yake ni kwamba linavuma. Enzi za betri ya gari halikuwa na neno, wewe mwenyewe ulikuwepo. Umeme ulipofika kanisani na yale mataa marefu, ndipo likaanza kunguruma kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Niyonzima wangu alikuwa analituliza mwenyewe. Anaweka kiganja juu ya nyuzi, mvumo unashuka. Maombi yote alikuwa anakaa hivyo, mkono kwenye nyuzi, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Tangu tumzike mwaka juzi, Winnie ndiye analipiga. Anapiga vizuri, na sisemi kwa sababu ni wangu. Lakini maombi yakianza anainua mikono kama wenzake, na gitaa nalo linaanza kusali kwa lugha yake. Watu wanacheka badala ya kutubu.

Sasa Mwalimu Venanti, kiongozi wa kwaya, ameleta kinanda. Ametamka mbele ya wote kwamba Pasaka ikikuta gitaa bado linavuma, litatundikwa ukutani ofisini kwa mchungaji liwe kumbukumbu. Shemeji, gitaa likishatundikwa limekufa. Nimeshamzika mtu, sitaki kuizika na sauti yake.

Nakuomba uondoe mvumo, uiache sauti. Najua ni kama kukwambia uoshe maharage bila kuyalowesha, lakini fundi ni wewe.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Winnie


Kasulu
2 Februari 2025

Kwa shemeji Esteri, Mama Winnie,

Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi ni mzima kasoro masikio. La mbuzi unisamehe, nilidhani umesema kazaa. Sikio la kushoto limeshakufa na la kulia linachechemea. Nadhani ni zile spika za kwaya tulizokuwa tunazikumbatia ujanani. Wateja siwaambii. Mtu akileta redio naweka kiganja kwenye spika, ule mtikisiko unanieleza.

Gitaa nimelifungua. Ugonjwa uko kwenye pikapu, yaani kile kikasha kirefu chini ya nyuzi kinachonasa mlio na kuupeleka kwenye amplifaya. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa kwenye sumaku, nasi mafundi tunaiita koili moja. Koili moja ina sauti tamu, ila haichagui. Inanasa nyuzi, inanasa na umeme wa kwenye mataa, na huo ndio mvumo wenu. Gitaa hili lina nafasi mbili za pikapu. Ya chini ilikufa tangu tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi na imebaki pambo tu. Ya juu ndiyo kaka aliyoipigia maisha yake yote.

Nurudini, mwenye duka la spea hapa mjini, ameniagizia pikapu mpya kutoka Dar. Kwa umbo ni koili moja na inakaa palepale pa ile ya juu, lakini ndani wamepandanisha koili mbili, moja inaumeza mvumo wa mwenzake. Nimeifunga, nikaweka kiganja kwenye spika. Kimya kabisa.

Kama sauti ni ya kaka au si yake, hapo siwezi kukudanganya, shemeji. Sijui. Isikilize kwa niaba yangu, kisha uniandikie ukweli, usinionee huruma.

Kitenge kinarudi, na kimefuliwa.

Shemeji yako,
Ildefonsi


Busunzu
16 Februari 2025

Shemeji Ildefonsi,

Habari za huko kwenye baridi yenu? Hapa tu wazima, goti lile lile. Gitaa limefika salama na kitenge nimekiona. Sabuni uliyotumia ni kali, ua moja limepauka.

Mvumo umekwisha, hilo nikupe haki yako. Venanti amechekelea mpaka magego yakaonekana, na kinanda akakisogeza kumpisha Winnie. Winnie mwenyewe haambiliki. Anasema sauti imenyooka, ya kisasa, kama za redioni. Ningekuwa mwanamke mwenye adabu ningeishia hapo nikakushukuru.

Ila ulitaka ukweli. Shemeji, si yeye. Sauti ni safi kama maji yaliyochemshwa, hayana neno, na hayana ladha. Kaka yako akipanda zile noti za juu kulikuwa na kamkwaruzo fulani, kama koo la mtu aliyetoka kucheka. Nilikuwa nakasikia nikiwa mtoni nafua, najua mazoezi yameanza na leo kuni nitapasua mwenyewe. Nilikuwa nakasirika. Leo ningepasua kuni za kijiji kizima.

Jumapili nilikaa nikakangoja, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakakuja. Nilitoka kabla ya sadaka nikasingizia goti, nikaenda kulia nyuma ya choo cha kanisa.

Ile pikapu ya zamani uliyoitoa iko wapi? Nijibu kwa basi la kwanza.

Shemeji yako,
Mama Winnie


Busunzu
16 Machi 2025

Shemeji,

Salamu. Sisi wazima, na wewe u mzima pia, maana Abdalah anakuona kila siku mlangoni pa karakana yako. Basi kama mkono haujavunjika, kwa nini hujaniandikia?

Mwezi mzima nangoja. Nimeanza kuwaza kwamba uliitupa ile pikapu, au Nurudini kaichukua kama chuma chakavu, na unaona haya kuniambia. Gitaa nalirudisha kwako. Winnie amekataa kula mezani kwangu tangu jana, anasema namharibia Pasaka yake. Venanti naye ameanza mazoezi na kinanda, na hajafanya siri kwamba amefurahi. Sina wa kunielewa hapa.

Irudishe ile ya zamani mahali pake. Kama ni kutundikwa, heri litundikwe likiwa lake kuliko liimbe likiwa la mtu mwingine.

Mama Winnie


Kasulu
6 Aprili 2025

Kwa shemeji Esteri,

Pokea salamu pamoja na lawama zako zote, ni haki yako. Huku mvua na ukungu, kifua kinabana kidogo, si kitu. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukwambia jambo ambalo sijalijaribu. Sasa nimelijaribu.

Pikapu ya zamani haikutupwa, ilikuwa kwenye droo yangu. Ulipoiuliza niliitoa, nikaona ncha ya waya imekatika. Nikaegesha chuma cha kulehemia ili niiunge. Shemeji, karakana yote ikanukia asali. Pua yangu bado nzima, namshukuru Imana, Mungu wetu. Nilikaa chini, nikashindwa kufanya kazi siku ile.

Unamkumbuka kijana wa kambini aliyekuja kwa baba yako kuomba nta? Gitaa lile liliachwa na Mkongomani aliyekuwa anarudi kwao, na pikapu yake iliungua. Mimi na kaka tukaamua kuizungusha upya. Waya tuliutoa kwenye transfoma ya redio mbovu, mwembamba kama unywele. Mimi nilishika gurudumu, kaka akazungusha. Yule Mkongomani alikuwa ametuonya kwamba koili isipochovywa kwenye nta itapiga mluzi. Kaka akasikia kwamba kuna mzee Busunzu mwenye mizinga mingi, akapita porini akaja kwenu.

Alirudi na bonge la nta, akili kaiacha huko. Tuliiyeyusha, tukachovya koili, gitaa likaimba. Wiki iliyofuata akaenda tena. Nikamwambia, nta si tunayo? Akasema, "Hii ni ya akiba." Akaenda tena na tena, mpaka chini ya kitanda chetu sisimizi wakahamia. Akiba yenyewe ikawa wewe.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Kaka alikuwa wa shoto, unajua. Kwa hiyo waya aliuzungusha kinyume na wanavyozungusha kiwandani. Na sumaku tuliziweka kichwa chini, kwa sababu hatukujua kama zina kichwa. Kiwandani wangetucheka. Lakini nilichukua pikapu ya kawaida dukani kwa Nurudini, ya koili moja, ile inayovuma kama ng'ombe, nikaifunga kwenye nafasi ya chini iliyokufa. Ya kaka nikairudisha juu mahali pake. Nikawasha zote mbili pamoja. Kwa vile zimekwenda kinyume, mvumo wa hii unaua mvumo wa ile, na sauti ya nyuzi inabaki. Kiganja changu kimethibitisha. Kosa letu la ujana ndilo limeponya gitaa.

Mwambie Winnie ile swichi ya kuchagua pikapu ikae katikati, hapo ni kimya. Akiisukuma juu atabaki na ile ya baba yake peke yake, na itavuma kama zamani. Kanisani asithubutu.

Gitaa silipakii kwenye basi. Nalileta mwenyewe Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Sijafika Busunzu tangu mazishi, na sababu ni moja. Sikutaka kukaa kanisani nikitazama watu wanasikia nisichosikia. Safari hii nitavumilia.

Shemeji yako,
Ildefonsi


Busunzu
27 Aprili 2025

Kwa shemeji yangu Ildefonsi,

Amahoro tena. Natumaini ulifika salama Kasulu na kile kifua kimelegea. Sisi wazima. Winnie sasa anakula mezani kwangu, tena anaramba sahani.

Ulikuwepo Pasaka, utasema naandika nini. Lakini hukusikia, na mimi nisingeweza kukupigia kelele sikioni mbele ya mchungaji. Basi kaa chini nikusimulie ulichokuja kukisikia.

Kwanza nina kesi na wewe. Miaka yote hiyo nilijua ile nta ya kwanza ilikuwa kisingizio. Nilikuwa najivuna mtoni, nawaambia wenzangu yule kijana hana hata mzinga, nta ya nini kama si mimi? Kumbe bonge la kwanza lilikuwa la gitaa kweli! Nimekuwa wa pili katika nyumba yangu mwenyewe. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka ugali ukashika chini.

Sasa wimbo. Wewe ulikaa benchi la mbele umeweka kiganja juu ya spika, na watoto walikushangaa. Swichi ilikuwa katikati kama ulivyoagiza. Winnie alianza taratibu, chini chini, Venanti akamfuata na kinanda, na hapakuwa na mvumo hata chembe. Nikafumba macho. Sauti ilikuwa nene kidogo kuliko zamani, kwa kuwa sasa wako wawili. Kisha akapanda zile noti za juu, na kale kamkwaruzo kakaja, shemeji. Kakaja kama kalivyokuwa. Nilimshika mkono Mama Kipriani aliyekaa karibu yangu, nikamfinya mpaka akaguna. Ilikuwa sauti yake, ya mume wangu, mwishoni mwa kila mstari, pale anapouvuta kidogo kama asiyetaka kuondoka.

Halafu yakaja maombi. Hapo ndipo nilipokuona. Winnie hakuinua mikono. Aliisukuma ile swichi juu kwa makusudi, na mvumo ukajaa kanisa zima. Watu wakageuka, Venanti akakunja uso. Nawe ukainua kichwa, nikajua mvumo umefika kwenye kiganja chako. Kisha Winnie akaweka mkono juu ya nyuzi, mvumo ukashuka, naye akakaa hivyo mpaka maombi yakaisha. Ulidhani spika imezimika. Ulimtazama Winnie, ukaona mkono wake, ukaanza kulia mbele ya watu wote bila hata kitambaa.

Basi hilo ulilisikia. Sina haja ya kukusimulia.

Jioni nilimgombeza Winnie, nikamuuliza ni utundu gani ule. Akasema, "Nilitaka na baba aitikie amina." Venanti naye amekuja nyumbani kuomba gitaa lisiondoke kwenye kwaya, akajifanya kwamba kulitundika ofisini lilikuwa wazo la mchungaji. Nikamwachia, maana alileta ndizi.

Winnie anataka uje umfundishe kuzungusha koili. Ule mzinga wa baba uliobaki mgombani tumeulina juzi, na Abdalah anakuletea bonge la nta kwenye kitenge kile kile. Waya utafute wewe. Zungusheni kinyume. Na usimwambie mtu kwamba hii ni ya akiba, maana hii ni ya kazi.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Winnie