Ukuta Arudishwa Kwenye Juzuu la Tatu

CHAMA CHA WASOMAJI WA KIKOSI CHA ALFAJIRI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 9 Novemba
Mahali: Chumba cha nyuma, karakana ya Mfunga Vitabu

WALIOHUDHURIA
1. Mwalimu Mkuu mstaafu – Mwenyekiti (msomaji wa Kamanda Radi)
2. Nesi – Makamu (msomaji wa Kivuli)
3. Mfunga Vitabu – Mtunza Majuzuu (msomaji wa maadui wote)
4. Fundi Cherehani – Mjumbe (msomaji wa Ukuta, kwa muda anasoma milio ya vishindo)
5. Katibu (msomaji wa visanduku vya maelezo)

HAWAKUHUDHURIA
Kinyozi – hakutoa taarifa. Alionekana dirishani akipita.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama, ingawa hakuombwa. Aliwakumbusha wajumbe kwamba chama hununua vitabu vya katuni vya Kikosi cha Alfajiri toleo moja moja, Mfunga Vitabu huvishona kuwa juzuu, kisha wajumbe husoma kwa sauti, kila mmoja na shujaa wake. Nesi aliuliza kama kuna mjumbe asiyelijua hilo. Mwenyekiti alisema huo ndio utaratibu.

KUMB. NA. 2/ MGONGO WA JUZUU LA TATU
Mfunga Vitabu alieleza kwamba Juzuu la Tatu limeachia mgongo. Alipolifumua ili alishone upya, alikuta kurasa nne zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na uzi. Alisema mkato ule ni wa mtu mwenye mkono mwepesi. Wajumbe kadhaa walitazama kiti cha Kinyozi.

Katibu aliomba kusema kabla mtu asiyekuwepo hajahukumiwa. Alisema alizikata yeye, na akaziweka mezani zikiwa ndani ya bahasha.

KUMB. NA. 3/ MAELEZO YA KATIBU
Katibu alieleza kwamba ndani ya kurasa hizo Ukuta anakufa. Anashikilia paa la stesheni hadi abiria wa mwisho atoke, kisha paa linamzidi nguvu. Toleo hilo lilifika wiki ileile Fundi alipomzika mkewe, ambaye alikuwa mdogo wake Katibu. Kifungu cha tano cha katiba kinasema mjumbe ambaye shujaa wake amekufa huachia kiti. Katibu alisema hapa palikuwa mahali pekee ambapo shemeji yake alikuwa bado anatoka nyumbani kuja, na hakuweza kumfungia mlango. Aliongeza kwamba amekuwa akisubiri wakati mzuri wa kusema haya, na sasa daktari amemshauri asisubiri.

Alikiri pia kwamba matoleo yaliyofuata yalipitia mikononi mwake kabla ya kushonwa, naye alibandika vikaratasi. Palipoandikwa "marehemu Ukuta" aliweka "Ukuta aliye safarini".

Nesi alisema: "Ndiyo maana Juzuu la Nne zima watu wanalia! Nikawa najiuliza, mtu akisafiri tu ndiyo mvae nyeusi wote? Na ile sanamu yake pale uwanjani?"

Katibu alikiri kwamba maneno "Safari njema" chini ya sanamu ni ya kwake. Mwenyekiti alikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba aliwahi kuwaeleza wajumbe kwa kirefu maana ya maneno hayo.

KUMB. NA. 4/ UHALALI WA UCHAGUZI
Mwenyekiti alitaka Katibu achukuliwe hatua kali. Nesi aliunga mkono, kisha akakumbusha kwamba katika uchaguzi uliopita Mwenyekiti alimshinda kwa kura moja, nayo ilikuwa ya Fundi. "Kwa hiyo, Mwalimu, umechaguliwa na maiti."

Mwenyekiti aliomba itumike lugha ya kikao. Nesi alisahihisha: marehemu.

Mwenyekiti alikisoma upya kifungu cha tano na kugundua kwamba kifo huhesabika kikishasomwa kikaoni. Kwa hiyo Ukuta yu hai, kura ni halali, hatua kali hazina haraka, na kurasa hizo hata zikichomwa si vibaya. Mfunga Vitabu alisema ndani ya karakana yake haichomwi karatasi.

KUMB. NA. 5/ OMBI LA FUNDI
Fundi aliuliza: "Shemeji, ulijua namsubiri?"

Katibu alijibu kwamba alijua.

Fundi alieleza kwamba kila toleo jipya huanza kulifungua kutoka nyuma, akimtafuta Ukuta. "Miaka yote hii mimi ni puu na kacha tu, kama mlango mbovu. Mwenyekiti, nipeni kifo changu nikisome."

Mwenyekiti alimwonya kwamba akikisoma atapoteza kiti. Fundi alisema amesikia. Katibu alimwomba radhi. Fundi alijibu: "Nitakukasirikia kesho. Leo niazime miwani."

Fundi, aliye mwembamba kama uzi wake, alisimama na kusoma kwa ile sauti nzito ya Ukuta, ambayo wengi walikuwa wameisahau. Maneno yenyewe ni machache: "Piteni. Na wewe mama, pita. Usigeuke nyuma, mimi nipo." Aliyasoma mara mbili, ingawa kitabuni yapo mara moja. Nesi alilia na kuomba jambo hilo lisiingie kwenye kumbukumbu. Limeingia.

KUMB. NA. 6/ KITI
Fundi alivaa koti lake.

Katibu alieleza kwamba katiba haigusi visanduku vya maelezo, kwa kuwa msimulizi si shujaa na hakuna adui anayehangaika naye. Alisema sauti yake haifiki tena upande wa pili wa meza, na juzuu lijalo, la Kumi na Tano, hatarajii kuliona. Aliomba shemeji yake avichukue visanduku hivyo pamoja na kalamu ya ukatibu. Nesi aliunga mkono kabla hajamaliza. Fundi alivua koti.

Mfunga Vitabu aliuliza nani sasa atasoma milio. Alipewa Kinyozi, kwa kuwa hakuwepo kukataa.

Iliazimiwa kurasa nne zishonwe mahali pake, na vikaratasi vyote vibanduliwe isipokuwa kile cha kwenye sanamu. Hilo la mwisho lilitoka kwa Fundi.

KUMB. NA. 7/ KUFUNGA KIKAO
Fundi alisoma kisanduku chake cha kwanza, kinachofunga zile kurasa nne: "Paa likatulia, na stesheni nzima ikanyamaza."

Kisha, kwa mazoea, akaongeza: "Puu!"

Hakuna aliyemrekebisha. Wajumbe walitawanyika saa kumi na mbili jioni, Mfunga Vitabu akiwa tayari anatia uzi kwenye sindano.

..............................
Mwenyekiti (aliyechaguliwa kihalali)

..............................
Katibu anayeachia kalamu