Kilichogonga Ndani ya Injini

Mjukuu wangu Kabula, mwangaluka. Huku Nkoma tu wazima, pamba imeanza kupasuka.

Umeuliza kwa nini huko melini mnakatazwa kufungua injini taa ya kuonya mvuke wa mafuta ikiwa nyekundu. Kwenye jenereta la kiwanda chetu cha pamba taa hiyo iliwahi kuwaka nyekundu, tukazima injini. Kimya. Kisha kitu kikagonga ndani, taratibu, kama mgeni mlangoni. Mwenzangu Masunga akachukua spana. Kwetu anayegonga hufunguliwa. Nikamshika mkono: "Ngoja ipoe." Kikagonga tena.

Ilipopoa tulikuta beringi imeyeyuka. Mvuke ulikuwa umejaa humo, unasubiri hewa tu ulipuke.

Mpaka leo mtu akigonga, hata bibi yako, siinuki mpaka aseme jina.

Babu yako