Digrii Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata mshiriki wangu wa mwisho wa utafiti, tena sikumbembeleza: Bibi. Miaka arobaini na sita juu ya cherehani, sasa miaka saba ndani ya kochi lililobonyea. Nyonga imelala nyuma, kiuno kimepoteza upinde wake, mabega yamefuata, kichwa kimetangulia mbele kama kinachelewa mahali. Kitabu kizima cha fiziotherapia kiko sebuleni kwetu, kinakunywa chai!

Nimembandika vibandiko vyekundu kwenye pingili za mgongo. Ameuliza kama anauzwa. Akasinzia, nikampiga picha ya ubavuni. Kibiongo: digrii 61, kawaida ni arobaini hivi.

Nilitaka kupiga makofi.

Jumatano, 5 Machi

Kochi limekwenda kwa jirani. Sasa ni kiti cha mbao, taulo lililokunjwa kiunoni, mkanda kifuani. Anakaa hapo kwa muda wa saa tatu nzima asubuhi, na tatu nyingine mchana. Mama hakupenda habari ya mkanda. Nikamwambia ni kwa faida ya mama yake. Si uongo kabisa.

Bibi alitutazama kwa zamu. "Umesoma miaka yote hiyo uje unifundishe kukaa?"

Mama alicheka. Nikakaza mkanda tundu moja zaidi.

Jumapili, 9 Machi

57! Amejua kamera ni ya nini, akiiona tu anajiweka sawa. Analalamika katikati ya mgongo, anasema kama msumari. Nimemweleza kwamba misuli iliyolala inaamka. Akasema basi iamke kwa adabu.

Asubuhi hanywi maji tena. Ni ili asiende chooni, maana kusimama ndiko kunakomuumiza. Nimeligundua hilo mwenyewe, halafu nikaandika kwenye fomu: ushirikiano wa mshiriki, mzuri.

Alhamisi, 13 Machi

Digrii 50. Kumi na moja kwa siku kumi! Msimamizi wangu alivua miwani, akaivaa tena. Jumanne saa tatu nitawasilisha mbele ya idara nzima. Akauliza, kama jambo la kupita tu, iwapo mshiriki ana maumivu yoyote.

Nikasema hana. Neno dogo hivyo. Lilitoka kabla sijaliita.

Bibi anatembea kwa kushika ukuta. Mwezi uliopita alikuwa anafika getini peke yake, anagombana na muuza maziwa, anarudi amechangamka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi mapema. Alikuwa kitini, amejikunja juu ya mkanda kama nguo iliyosahauliwa kambani. Nikampima kimyakimya kwa simu kutoka mlangoni: 64.

Sitini na nne.

Kisha nikafungua zipu ya mkoba wa kamera. Akasikia. Akavuta pumzi, akapanda polepole, uso ukakakamaa kwa maumivu. Hamsini.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Mteja akiona futi anajinyoosha. Fundi anayejua kazi humsubiri apumue. Wewe hukunisubiri."

Nikauliza kwa nini basi. Nilitaka aseme ni kwa kunipenda, nakiri.

"Nilitaka umalize, unirudishie kochi langu."

Ninazo namba mbili. Kwenye slaidi iko moja. Sijaibadilisha.

Jumanne, 18 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali. Asubuhi alishindwa kusimama kabisa. Mimi na Mama tulimbeba, mwepesi mno, mguno tu kila tukipiga hatua.

Daktari alimgonga mgongo kwa kidole, pingili baada ya pingili, hadi alipopiga kelele. Anadhani moja imevunjika, imebonyea. Akauliza maumivu yalianza lini. Aliniuliza mimi, maana mlangoni nilikuwa nimejitambulisha kwamba mimi ni mtaalamu. Mama naye akanigeukia. Nikahesabu — siku tisa, au zaidi.

Bibi akanitangulia. Alisema ni leo asubuhi, aliinama vibaya kuokota ndala.

Daktari akaandika, kisha akanyanyua macho. "Dada, ni hivyo?"

Nikasema ndiyo.

Bibi hajaniangalia tangu hapo. Hata walipomhamishia kwenye machela aliutazama ukuta.

Saa tatu kasoro kumi. Ujumbe wa msimamizi: ukumbi umejaa, uko wapi? Nyuma ya mlango wa eksirei mtu anamwomba Bibi, kwa upole, ajinyooshe kidogo. Tena kidogo. Mama ameziba masikio.

Nimejibu: niko njiani.