Kila Nikipiga Simu, Mama Amelala

Kisiwani Ndau

Kaka Mutua,

Natumai uko mzima, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba mvua imewakumbuka mwaka huu. Mimi nipo, ila nimechoka. Barua hii nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja huko likizo, maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikiuliza jambo unasema mtandao mbaya.

Tangu niambiwe nina presha, nilikuwa nameza dawa siku kichwa kinaponiuma tu. Kisipouma, naziacha. Jirani yangu Bi Maryamu, ambaye kila jioni huniletea wali na ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, alinigombeza: "Mwalimu, zidonge hazingoji kitwa kiume! Mume wangu alingoja hivo hivo, leo mkono mmoja haumsikii."

Basi nikajikokota hadi zahanati. Muuguzi alinipima mara mbili, akaguna. Akaniambia presha hupanda bila mtu kusikia lolote, ndiyo maana dawa ni ya kila siku. Akaniuliza kuhusu chumvi, nikaona haya kutaja ng'onda. Nikamwambia, "Nyumbani wanasema ni mawazo."

Akacheka. "Mawazo yanachangia, lakini usiyasingizie yote. Kuna chumvi, uzito, umri, hata ukoo. Kati ya wazazi wako, nani anayo?"

Baba tuliambiwa alikufa kwa mawazo. Na mama je?

Hapo ndipo nilipowaelewa, kaka. Kwa kuwa mnaamini presha ni mawazo, mnanificha jambo ili yangu isipande. Kila nikipiga, mama amelala, mama yuko kanisani, mama ametoka kidogo. Mama huyu asiyelala mchana hata akiwa na homa! Nimekasirika, tena naogopa. Darasani nafundisha huku akili iko Kitui. Kimya chenu kinanimaliza kuliko habari yoyote ile. Kama hajapimwa presha, tafadhali mpeleke. Na kama ameshaanguka, niambie.

Ng'onda nimeacha, na Bi Maryamu amenuna, anadhani namdharau. Dawa nameza kila asubuhi, kichwa kiume au kisiume. Kwa hivyo usinihurumie.

Nisalimie wifi Kalondu, watoto wenu, na mjomba Musyoka anayetuchungia mbuzi. Mama usimpe salamu zangu. Mpe simu, nimsikie mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Mwende