Kwako Mama, na Jiwe Lako la Dirishani

Mama,

Mwaka umezunguka tangu ututoke, na siku chache kabla haujatimia, mgeni tusiyemjua aligonga geti letu hapa Nyegezi akikuulizia.

Alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima kukuzidi, amevaa sari ya kijani na miguuni raba mpya kabisa, nyeupe, zenye kamba za rangi ya chungwa. Alituamkia Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Dorcas yupo? Mwambieni Mama Rohan amerudi. Mwambieni goti limepona."

Nilimpa shikamoo, kisha nikaingia ndani kumwita Baba. Alitoka na kiti. Alimkalisha kwanza kwenye kivuli cha ukuta, akamletea maji, akasubiri ayanywe, ndipo akamwambia. Mama Rohan hakulia pale pale. Aliziinamia zile raba zake na kuzitazama.

"Nilikuwa India kwa dada yangu, natibiwa goti," alisema. "Hakuna aliyeniambia. Raba hizi nimezinunua ili nipande naye kilima. Aliniahidi."

Ndivyo tulivyomjua rafiki yako Pramila wa Mkuyuni, mwenye duka la kamba na nyavu, ulikokuwa ukinunua nyavu za kuanikia dagaa. Kumbe kila ulipokwenda alikuonyesha kilima chetu cha mawe, kinachoonekana toka kaunta yake, akakwambia amekitazama tangu alipoolewa na hajawahi kukikanyaga. Nawe ulimwambia kwamba goti likipona utampandisha, atatembea mbele, na hakuna atakayempita.

Hukutusimulia hilo. Lakini tulipolisikia, tulikusikia wewe.

Pale soko la Mwaloni ulikuwa muuza dagaa kama wenzako, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kuongeza nyongeza. Jumapili ibada ikiisha ulivua viatu vya kanisani, ukavaa mabuti ya mpira ya Baba, ukajifunga kitenge, ukatoka. Vilima vya ufuko huu ulivijua kwa miguu yako. Uliwahi kupanda kivuko mpaka Ukerewe ili ufike juu ya mlima mmoja, ule kipande cha muhogo ukitazama maji, halafu urudi. Wenzako sokoni walikucheka.

"Dorcas, umepoteza mbuzi huko juu?"

"Nimempoteza," uliwajibu. "Anafanana na wewe, ila yeye ana akili."

Kabla ya kupanda ulitupeleka kwanza chini, majini. Kila mmoja aliokota jiwe moja lililolainishwa na ziwa, akalibeba mpaka kileleni. Ulisema kwa watu hatuendi mikono mitupu, iweje huko. Mwingine akifika pale juu ataona rundo la mawe tu. Sisi tunajua hili la mdogo wangu Ngosha, lenye mstari mwekundu; hili la jirani yetu Odeta, kubwa kupita kiasi, alilolibeba kwa ubishi; hili langu, la siku niliyomaliza chuo. Siku ile uliniketisha ukanionyesha visiwa kimoja kimoja. "Kazi ikikupeleka mbali, Precious, usiogope," ulisema. "Ukiwa hapa juu unaona kila kitu kiko jirani." Bado natuma maombi ya kazi nikiwa na sauti yako masikioni, Mama, na bado naamini.

Na kulikuwa na ule utaratibu wako wa kutembea. Mwenye mwendo mzito kuliko wote ndiye aliyetangulia, na haikuruhusiwa mtu kumpita. Nilipokuwa mdogo nilitangulia mimi. Alipokuja yule kaka wa kwaya mwenye pumu, alitangulia yeye, na vijana wenye haraka wakakaa nyuma wakitafuna miwa yao kwa hasira. "Akisimama, tunasimama," ulitwambia. "Akichoka yeye, sote tumefika."

Baba hakuwahi kupanda nawe. Jumapili ndiyo siku ya abiria wengi kwa mwenye bajaji, na kila wiki alisema, "Wiki ijayo, mama Precious." Hukumnunia. Ulirudi na vumbi lako, ukakaa karibu naye wakati anakula, ukamsimulia ulichoona.

Wiki ile ya mwisho ulitoka ziwani na jiwe jeupe, umbo la yai la bata, ukaliweka dirishani. "Hili la baba yenu," ulisema. "Analibeba mwenyewe, siku akija." Kisha ukaanguka sokoni, na hospitali haikuweza kukurudisha.

Jiwe lilibaki dirishani mwaka mzima. Baba alilifuta vumbi, akalirudisha palepale. Hakutuomba kitu chochote katika msiba wote ule isipokuwa kimoja: siku ya kumbukumbu yako atalibeba mwenyewe, alifikishe kwenye rundo, akae pale ulipokuwa ukikaa. Alitaka kuona ulichokuwa unamsimulia.

Mama Rohan aliposikia tunapanda Jumamosi, aliuliza tu, "Saa ngapi nije?"

Ngosha alinifuata jikoni. "Dada, huyu bibi hatafika. Na sisi hatutafika."

Nami nilimwendea Baba, nikamwomba ampangie Mama Rohan wiki nyingine, ili siku yako iwe yetu. Baba alikuwa anaosha bajaji. Hakuacha kuosha.

"Mama yenu alimwambia atatangulia," alisema. "Atatangulia."

Basi Jumamosi tulishuka majini asubuhi, Mama Rohan akachagua jiwe dogo kama andazi, tukaanza. Yeye mbele, ameshika fimbo ya Odeta, Baba nyuma yake na jiwe lako katika kitambaa, sisi tukifuata. Hatukuwa tumefika hata kwenye mawe makubwa alipogeuka.

"Dorcas aliniambia ni kilima. Huu ni ukuta."

"Bado hatujaanza, bibi," Ngosha akamwambia. "Hii ni njia ya kwendea kwenye kilima."

"Mdomo huo umerithi kwa mama yako," akasema, akacheka mpaka ikabidi asimame. Tukasimama wote.

Tulisimama mara nyingi, Mama. Jua kali lilitukuta bado tunapanda, saa ambayo wewe ungekuwa umeshashuka. Tulipofika kwenye lile jiwe lililoinama uliloliita sebuleni, ambako ulikuwa ukitugawia uji, Mama Rohan alikaa na kulikunja pindo la sari. Goti lilikuwa limevimba. Rundo letu lilionekana juu yetu kabisa. Ngosha angelifikia kabla chai haijapoa. Pimbi wawili walikuwa wanaota jua pembeni yake, kana kwamba walikuwa wanalilinda.

"Nendeni," Mama Rohan alisema. "Mimi nitakaa hapa na hawa panya."

"Si panya, bibi. Pimbi."

"Na hao pimbi. Mzee Yakobo, nenda. Umengoja mwaka mzima, umebakiza pale tu. Sitamwambia mtu."

Baba alisimama na jiwe mikononi, akatazama juu. Sijawahi kumwona akitazama mahali namna ile. Nilimwambia, "Nenda, Baba. Nitabaki naye mimi." Nilitaka aende, Mama. Nilitaka kuliko nilivyowahi kujitakia kitu mimi mwenyewe.

Baba aliligeuza jiwe mikononi. Kisha akauliza bila kututazama, "Mama yenu alikuwa anasemaje? Akichoka yeye?"

Ngosha ndiye aliyemjibu. "Sote tumefika."

Baba akaketi chini kando ya Mama Rohan. "Basi tumefika," alimwambia. "Weka jiwe lako."

Mama Rohan aliliweka, akajifuta macho kwa pindo la sari. Baba akaweka lile jeupe ubavuni mwake, na kiganja chake kikabaki juu yake muda mrefu, kama anayempima mtoto homa. Chini yetu ziwa lilikuwa limetulia, na mabati ya Mkuyuni yanang'aa. Mama Rohan alitafuta kwa kidole mpaka akaliona paa lake.

"Lile pale," alisema. "Dogo hivyo?"

Wakati wa kushuka alitangulia tena. Baba aligeuka mara moja kutazama juu, halafu akaendelea kufuata raba zile hatua kwa hatua. Rundo lako hakulifikia, Mama. Mahali ulipokuwa ukikaa hakupaona. Lakini ulimwahidi mtu kwamba hakuna atakayempita, na hakuna aliyempita.

Wanaokukumbuka ni mumeo Yakobo, ambaye dirisha lake sasa ni tupu na bado analifuta vumbi. Wanao Precious na Ngosha. Jirani yako Odeta na wenzako wote wa Mwaloni. Na kuanzia mwaka huu Pramila wa Mkuyuni, ambaye raba zake si nyeupe tena.

Tuna hamu nawe, Mama, kila tunapoinua macho. Hatutaacha kukukumbuka.