Majina Yaliyopanda Gizani

Jomvu Kuu,
Mombasa.
12 Juni 2025

Mpendwa dada Mwanasaumu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na shemeji Mwidani, na kwamba goti lako limepoa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha wiki nzima na njia ya msikitini ni tope tupu.

Uliuliza kuhusu Baba. Sikufichi: tangu Mama afariki, miezi minane sasa, alikuwa hajalitaja jina lake hata mara moja. Ukimtaja wewe, yeye alikuwa akiinuka na kutoka. Hata kwenye hitima ya arubaini alikaa nyuma, mdomo kaufunga. Nilianza kuogopa, dada.

Basi siku ya pili ya Idi nikampeleka sinema, kule Nyali. Wajua mimi si mtu wa sinema; nilitaka tu atoke nyumbani. Ilikuwa ile filamu ya shujaa anayeruka, ambayo redioni walisema imeshaingiza dola milioni mia sita duniani. Nilidhani wanatia chumvi. Kufika pale saa nane mchana, foleni imetoka nje hadi magari yanapoegeshwa, watoto kwa bibi zao. Nikawaza, saa hii hii kuna watu Manila na Lima wamekaa gizani wakimtazama huyu huyu mmoja. Watu wasiojuana kabisa, wakiogopa pamoja. Nilistaajabu kweli.

Shujaa alipoushika mji mzima usianguke, nywele zilinisimama. Baba alitazama mdomo wazi, kisha akanong'ona, "Na nguo ilivyombana hivyo, apumuaje?"

Filamu ikaisha, majina ya walioitengeneza yakaanza kupanda, meupe kwenye giza, mamia kwa mamia. Hakuna aliyeinuka. Baadaye niliambiwa mwisho kabisa huwa kuna kipande kimefichwa, na wenye kujua hukingoja. Lakini Baba aliona watu wametulia mbele ya orodha ya majina, na kwa mtu aliyekulia kwenye hitima, ambako majina ya marehemu husomwa kabla ya dua, hilo lina maana moja tu.

"Marehemu wao wengi mno," akaniambia. "Wangoja dua."

Kabla sijamjibu, alishainua mikono. "Na Rahima binti Abdulghani," akasema, kwa sauti ya kusikika safu tatu, "umrehemu na yeye, ya Rabbi." Akalia, dada. Nikaitikia amina. Mwanamke aliyekaa kando yetu akaweka bisi zake chini, naye akaitikia.

Kile kipande kilichofichwa sikukiona. Nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Sijamweleza Baba ukweli, wala sitamweleza. Tangu siku hiyo anamzungumzia Mama mpaka chai inapoa.

Nisalimie shemeji na watoto. Shangazi Kafedha akusalimu sana. Baba naye akusalimu, na auliza filamu nyingine ya namna ile itatoka lini. Asema anao na wengine wa kuwaombea.

Mungu akuhifadhi huko uliko, atukutanishe na afya.

Mdogo wako akupendaye,
Ismail