Mimi Nasafiri, Wewe Lia

Tarehe 4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na mwanangu Chiriku, bado anaongea mpaka usingizini? Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano.

Mwalimu wetu hapa chuoni katupa kazi: kila mmoja atengeneze kitu kuhusu mchezo. Kazi inawekwa katikati ya darasa, wenzako wanaisema, na wewe mwenye kazi unafunga mdomo. Hata wakikosea, kimya! Unanijua mwanao, Mama. Nilikaa kama niliyejaza maji mdomoni.

Kijana mmoja tunayemwita Mrefu katengeneza bembea yenye misumari pale pa kukalia. Wengi walimcheka. Mimi nilisema huyu aliwahi kuanguka na hakuna aliyekuja kumwinua. Dada mwingine kachora wasichana wanaruka kamba, wote hawana nyuso. Nikamwambia nyuso sizioni, lakini miguu ina furaha.

Ikaja zamu yangu. Nilishona nyumba ya mwanasesere, na mapazia, na kitanda, kila kitambaa nimekipiga pasi. Mrefu akasema, "Nyumba hii inasubiri wageni. Hapa hajapita mtoto." Darasa zima, "Kweli!"

Mwalimu kaniambia nirudie. Kazi ya mwisho wa mwezi ujao ndiyo itaamua nani anaingia mwaka wa pili, na wa mwaka wa pili ndio wanaopewa chumba cha kukaa na mtoto. Unaona mambo yalipofikia.

Sasa nimejikuta sijui mwanangu anacheza nini siku hizi. Niambie.

Mwanao

*

Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unanichezea tu, leo afadhali, kesho hapana. Chiriku anakula, anabisha, mzima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kukuficha. Lakini mficha uchi hazai. Mwanao anacheza kusafiri. Anachukua mkoba wangu wa sokoni, anatia kijiko na kiatu kimoja, anasimama mlangoni, anamwambia mtoto wa jirani: "Mimi mama, nasafiri. Wewe lia." Yule akilia kidogo anakemewa: "Lia vizuri!"

Juzi mwenzake kachoka, kasingizia kwao wanamwita. Nikaitwa mimi. Nikalia. Akanibusu, akaondoka. Nikangoja, wapi! Kwenda kutazama, kakaa nyuma ya nyumba juu ya ndoo. Nikamwuliza, "Mbona hurudi?" Akasema, "Mama harudi haraka hivyo, Bibi."

Usije ukafunga mizigo kwa ajili ya haya. Nimekwambia uyashone, si uyalie.

Mama yako

*

Tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Habari za hapo? Mimi nilifunga mizigo kweli. Mwenzangu wa chumbani akalikalia begi: "Shoga, ukiondoka sasa, huyo mtoto utamrudia na nini?" Nikafungua.

Ile nyumba nikaiacha. Nikashona mkoba mmoja tu, kimo cha mtoto, nikautundika mlangoni pa darasa na karatasi: "Chukua mkoba. Sema: Mimi mama, nasafiri. Anayebaki alie." Halafu nikafunga mdomo.

Walianza kwa utani. Mrefu akaubeba, akamgeukia Mwalimu: "Mimi mama, nasafiri. Haya, lia!" Mwalimu mzima akajikunja, akalia kitoto, "Hii! Hii!" Watu mbavu hawana. Mrefu akatoka. Tukangoja arudi. Kicheko kikaisha chenyewe, bado tunatazama mlango. Mwishowe Mwalimu akamfuata. Mrefu akarudi macho mekundu, akasema, "Karatasi haikusema nirudi lini."

Yule dada wa kamba hakunionea haya. Alisema mkoba ni mzuri mno, mtoto angeokota mfuko wowote. Kweli, Mama, hata mimi niliona hivyo baada ya kusemwa. Mwalimu naye: "Mkono wako bado unapenda kuwapendeza watu. Lakini safari hii mtoto amepita."

Nimepita na mimi! Chumba kina dirisha moja na kitanda kimoja, tutabanana. Nakuja tarehe kumi na nane kumchukua. Ila wewe utabaki na nani? Hilo linanila.

Mwanao

*

Tarehe 10 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nimewatangazia majirani mpaka wamenikimbia.

Usinihurumie. Mtoto ni wako, mimi nilikushikia tu. Kikombe chake nitakufungia, hanywi kwa kingine. Akikohoa mpake mafuta kifuani, mwenyewe atakuonyesha wapi.

Nilipomwambia unakuja, Chiriku hakungoja nimalize. Alikwenda akautoa mkoba, akamwaga kijiko na kiatu, akatia nguo zake. Jana nikamwona kasimama nao mlangoni. Nikavuta kigoda, nikaanza kulia kama desturi yetu.

Akaja akanifuta uso kwa kiganja. "Nyamaza, Bibi. Leo hatuchezi."

Mama yako